Kuhesabu Kurudi Nyuma

Tulitoka Sib saa nane za usiku,
mama kiti cha mbele, mkanda umembana juu ya buibui,
chupa ya chai katikati ya miguu yake
kama mtoto wa jirani aliyekabidhiwa amshike.
Sinau tuliipita imelala. Mahut tulijaza mafuta.
Halafu jangwa, tambarare, halina hata neno,
na ngamia watatu kati ya barabara
kama watu waliosahau walichotoka kununua.

"Safari yote hii kwenda kutazama fataki."
Si fataki, mama. Roketi.
"Inawaka?" Inawaka.
"Inapaa?" Inapaa.
"Basi."

Kusini ya Duqm askari alitunyooshea mkono:
hapa, si zaidi ya hapa. Kilomita kumi na mbili.
Magari yamejipanga juu ya changarawe,
watu wametandika mikeka, wameweka mawe pembeni,
maana upepo wa pwani ile hauna adabu:
ulimpokonya Yaarub kofia,
ukatutilia mchanga kwenye mikate ya kumimina.
Na kule mbali, ukingoni mwa bahari,
kitu chembamba, cheupe, kimesimama
kama sindano aliyoichomeka mtu mtoni
akaenda kufungua mlango.

Redio ya gari la pili ikaanza.
Wanangu wakahesabu kwa lugha ya skuli yao,
mama kwa lugha ya jiko lake,
nami katikati nikasikia
nilichoishi nacho miaka arubaini bila kukisikia:
ashara, wao; kumi, yeye.
Kwenye tisa wakakutana.
Kwenye nane wakaachana.
Saba, pamoja. Sita, pamoja,
bega kwa bega, sauti moja ndani ya gari moja,
na hapo hapo, kwenye sita,
redio ikanyamaza.

Upepo wa juu, walisema. Kesho.

"Hata arusi huahirishwa," mama akasema,
akakunja mkeka.
Hoteli zimejaa. Tulilala garini.
Yaarub akamweleza bibi yake habari za vali na mgandamizo,
naye akamsikiliza kwa heshima
anayompa daktari anayeandika vibaya.
"Kwani ndani mna mtu?"
Hamna, bibi.
"Sasa wanaogopa nini?"
Kisha akachomoa kifaa chake cha sikio,
akakifunga kwenye pembe ya leso,
akalala kabla hatujamjibu.

Alfajiri, upepo umechoka.
Tumesali juu ya changarawe, magoti yamepata alama.
Redio tena. Kumi tena.
Mama hasikii, anasoma midomo ya Ghaniya,
kwa hiyo yuko nyuma namba moja.
Tisa haikukutana na tisa. Sita ikapita peke yake.
Wao wahid, yeye bado mbili,
na kule ukingoni pakapambazuka mara ya pili.

Moto. Bila sauti.
Hakuna aliyetuambia hilo.
Kitu kinapanda, kinapanda, na mtu anasikika akimeza mate,
na kuku wa karatasini harufu yake iko pale pale.
Ghaniya akasema, "Imeharibika?"
Nilikuwa nimeshafuta machozi
ndipo mngurumo ukafika,
haukupitia angani, ulipitia ardhini,
kwenye mkeka, kwenye nyayo, kwenye mbavu,
kioo cha gari kikatetemeka,
na mama, leso mkononi, kifaa ndani ya leso,
akaweka kiganja kifuani.
"Hii," akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi,
"hii nimeisikia mwenyewe."

Halafu moshi tu, umepindwapindwa na pepo za huko juu
kama mwandiko wa mtu aliye garini.
Imefika? Yaarub akatazama simu.
Bado hawajasema.
Watu wakaanza kugombania njia ya kutokea.

Kilomita mia moja na zaidi hakuna aliyezungumza.
Tulipoipita Mahut, watoto wamelala midomo wazi,
mama akageuza uso kutoka dirishani,
kama mtu aliyekuta chenji kwenye pochi kuukuu.
"Moja," akasema.
Na akaomba chai.