Daftari la Dizeli

Miaka kumi na tisa niliendesha shangingi la mradi
na sikuwahi kujua linakula nini.
Nilijua kuponi. Nilijua kituo cha Uyole,
kijana wa pampu akiuliza, "Ngapi?"
nami nikinyoosha kidole juu:
hadi lifurike.

Njombe, mwezi wa saba, wakubwa wakiwa kikaoni,
niliacha injini ikinguruma saa tatu nzima
ili wakitoka wakute viti vina joto.
Jiko linawaka, sufuria hakuna.

Mradi ukafungwa, vitu vikapigwa mnada,
nami kwa kiinua mgongo chote
na ng'ombe mmoja wa mke wangu
nikanunua nilichodhani nakijua.

Karatasi ya kiwandani, iliyosahaulika kwenye dashibodi,
ilisema lita moja, kilomita kumi.
Karatasi hiyo haijawahi kupanda Isyonje.

Tulinagwe akatoa daftari la miraba,
akakaa kiti cha mbele, pale alipokaa mkurugenzi:
"Jaza mpaka bomba lijikate lenyewe.
Andika kilomita. Twende Tukuyu, turudi,
tujaze tena pampu ileile,
halafu tugawanye."
Tano nukta nne.
Akaisoma mara mbili, kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali.

Tukalipeleka Mwanjelwa, kwa fundi Anyosisye.
Alifungua chujio la hewa: Usangu yote ilikuwa mle,
vumbi la mashamba ya mpunga na nyayo za ng'ombe.
Matairi manne yana njaa ya upepo,
breki ya nyuma kushoto imeng'ang'ania
kama mgeni aliyekwisha kuaga mara tatu,
na thamostati haipo.
"Nani aliitoa?"
Nikatazama viatu vyangu.
Dar walisema gari linachemka, nikaitoa.
Lakini hapa ni Mbeya, mzee,
huku hata injini inataka blanketi.

Keria ikashuka. Ngao ya chuma akainunua mtu wa Vwawa.
Minyororo ikashuka, tairi la pili la akiba likashuka,
na ile winchi
ambayo miaka yote haikuvuta kitu ila macho.

Sita nukta moja.
Sita nukta nane.

"Kilichobaki," akasema Tulinagwe, "ni mguu."

Mguu! Huu uliokuwa ukiimeza Igawa kabla sijamaliza kupiga miayo,
watoto wa shule wakirukia mtaroni na madaftari yao.
Nikafundishwa upya, na mvi zangu:
gusa kanyagio kama kuna yai chini yake,
ukiona tuta mbele, ondoa mguu mapema,
liache gari lifike kwa aibu yake lenyewe.
Mteremkoni usitoe gia.
Injini iliyoshikwa na gia inashuka bure,
iliyoachwa huru inashuka kaburini.

Sabini na tano kwa saa.
Malori ya Tunduma yananipigia honi, na matusi juu yake.
Kwa mwendo huu nimegundua kwamba pale Inyala
kuna mwanamke hupanga viazi kwa ukubwa
kama darasa linalopigwa picha.
Anaitwa Sekela.
Alikuwepo hapo miaka yote
niliyokuwa nikimpulizia moshi.

Saba nukta tatu. Imekwama hapo tangu Pasaka.
Kumi haitafika. Milima haisomi karatasi.

Jana, ndani ya ukungu wa Isyonje,
lori la ndizi lilikuwa limelala barabarani.
Nikazima injini.
Sikuwahi kujua mlima ule una sauti ya maji.
Tulinagwe akafunua daftari, akarudi ukurasa wa kwanza,
ule aliouruka siku ile bila kusema kwa nini.
"Na zile za Njombe," akauliza, "tuziandike wapi?"

Nikaanza: saa tatu, mara mbili kwa mwezi,
zidisha kwa miaka kumi na tisa...
"Subiri," akasema,
"nichonge penseli."