Sahihi

Mlangoni waliandika MTEJA NI MFALME.
Mfalme nikaingia, kandambili mguuni,
kununua mche wa sabuni na betri mbili za redio.
Dumu la alizeti lilikuwa likivuja tangu asubuhi
(hilo nililijua baadaye),
na mafuta, yasiyosubiri kuruhusiwa,
yalikuwa yametandika zulia katikati ya rafu.

Sikusikia kishindo. Nilisikia kijiti kikavu,
kah!
kisha nikaona dari, na feni, na nyuso juu yangu
zikiulizana mimi ni nani.

Kifundo cha mkono wa kulia.
Mkono wa mkasi. Mkono wa sare za shule,
na ilikuwa tarehe nne Januari.

Pole, akasema meneja, Bwana Rwegoshora.
Pole, akasema mhasibu, jicho kwenye foleni.
Pole mama, akasema mlinzi, aliyeokota kandambili.
Ya mlinzi niliipokea.

Siku ya tatu wakanifuata Mabatini, juu mawe,
wakihema, maana vipandio vyetu havijui cheo.
Kilo tano za sukari, elfu thelathini kwenye bahasha,
na karatasi: Mimi niliyetajwa hapa sina madai yoyote,
leo wala kesho, kwa duka wala wamiliki wake.
Weka sahihi hapa.
Nikawainulia hogo langu jeupe.
Wakatoa kidau cha wino: dole gumba latosha.
Kumbe walitoka na wino kabisa!

Neno hili, sahihi, lina pande mbili:
ni jina langu kwa mwandiko wangu,
na ni jambo lisilo na kosa.
Karatasi ile iliomba la kwanza
kwa kuwa la pili haikuwa nalo.

Sukari nikairudisha. (Hapana, niseme kweli:
kilo moja watoto walishaifungua.
Hiyo nayo Ng'wasi aliiandika.)

Ng'wasi ni msaidizi wa kisheria, chumba kimoja nyuma ya stesheneri,
binti anayetafuna karanga huku akiuliza.
Risiti unayo? Fomu ya polisi? Picha ya Bugando?
Kwa siku unashona sare ngapi?
Nne, nikasema. Tano, watoto wakilala mapema.
Akapiga hesabu. Sikujua kuwa mkono wangu
una kuzidisha na kujumlisha ndani yake,
kwamba maumivu huweza kuandikwa kushoto
na shilingi kulia
na mstari wa katikati usimtukane mtu.

Duka likajibu kwa barua yenye nembo:
kosa ni la mfagiaji, Kwandu Luhende; ameshafukuzwa.
Hapo ndipo nilipokasirika.
Si kwa mkono. Kwa Kwandu,
aliyesema tangu saa mbili kwamba dumu linavuja
akaambiwa apange maboksi kwanza.
Alikuja mwenyewe jioni, hakutaka kuketi.
Ulianguka wewe, akasema, nikavunjika mimi.
Nikamvutia kigoda.
Ng'wasi, ongeza mstari.

Miezi kumi na moja. Pole nayo ina maana mbili.
Magugu yakafunika ziwa, magugu yakaondoka.
Kikao kimoja kiliahirishwa kwa kukosa umeme,
kingine kwa sababu wakili wao yuko msibani Bukoba.

Walilipa. Si yote tuliyoandika:
hospitali, na sare mia mbili nisizoshona,
na kwa Kwandu, kimyakimya, mishahara mitatu.
Safari hii nilitia sahihi, kwa mkono wa kulia,
herufi zikiyumba kama zinatembea kwenye mafuta,
jina lote, Minza Ng'hwani Maduhu,
wakangoja mpaka nimalize.

Kwandu bado anatafuta kazi.
Kifundo changu huijua mvua ikiwa bado upande wa Ukerewe.

Juzi nilipita pale. Wameweka kibao cha njano,
na mtu mweusi wa kuchorwa akianguka,
miguu juu, mkono mmoja nyuma.
Nikamtazama sana.
Hawakumwandika jina.