Kumbukumbu za Kikao cha Choo

Kumbukumbu niliziandika mimi, Daiva,
mtandika vitanda wa hoteli ya gatini,
kwa kuwa mwandiko wangu husomeka
na hakuna mwingine aliyetaka.

Ajenda ilikuwa moja: choo.

Skarvøy ina watu mia mbili na kumi.
Julai hupanda mlima wetu elfu mbili kwa siku;
jua halizami, nao hawalali,
na kila jiwe kubwa njiani lina siri nyuma yake.

Torbjørg alianza, hata hakuketi:
"Mgeni njoo, mwenyeji apone, mliniambia.
Sijapona. Nimeota matairi
juu ya nyasi za kondoo wangu."

Eilif akatuonyesha picha kwenye simu:
chewa wake wamening'inia kichanjani, wanakaushwa na upepo,
chini yao hema la rangi ya machungwa,
na soksi zimeanikwa kati ya samaki.
Tulicheka.
Yeye hakucheka.

Bosi wangu alihesabu mbao za dari.
Mtu wa halmashauri alihesabu bajeti, ikapunguka.
Kampuni ya meli ilileta barua ya pole,
ndefu, isiyo na tarakimu hata moja.
Niliandika: *kimya, dakika nne.*

Ndipo Ngawang, fundi mawe kutoka Nepal,
aliyetujengea ngazi mia tisa kwa majira matatu, akasema polepole:
"Wanaziacha ngazi, wanakanyaga ukoka
wakitafuta pa kujisitiri.
Mnaniomba mawe.
Ugonjwa wenu ni tumbo."

Torbjørg akaketi.
"Ile kona yenye kisima, chukueni.
Lakini magari yaishie barabara kuu."
Ragnvald akakumbuka kwamba basi lake la shule
hulala kiangazi kizima.
Bosi akataja krona ishirini kwa kitanda kwa usiku,
akaitaja kama mtu anayeng'olewa jino.
Eilif atatoa kamba za kuzungushia vichanja.

Tangi litanyonywa na nani?
Tulibishana hadi saa sita ya usiku mweupe.
Niliandika: *itajadiliwa.*

Kisha wakanigeukia. "Na wewe, Daiva?"
Miaka sita nimeulizwa habari za sabuni tu.
Nikasema: wageni huniuliza mimi njia kila asubuhi,
kabla ya ramani, kabla ya bosi.
Nitawaambia basi liko wapi.

Jina langu sikuliweka kwenye orodha ya waliohudhuria.
Torbjørg alinipokonya kalamu, akaliandika yeye,
akakosea herufi moja.

Sikuisahihisha.