Nukta Mbili

Leelo alikuja na nukta mbili.
Tartu, Desemba, mto unaanza kuganda,
viatu vyetu vinachuruza theluji chini ya meza.
Aliandika ubaoni mistari mitano tuliyoizoea:
kama kitu kipo, kifungue, kama ndani mna kitu, kitoe,
kama hamna, usigombe, rudi mikono mitupu.
Kisha akaifuta yote kwa kiwiko
akabakisha

. .

"Hiyo tu," akasema.

Tulipenda. Nani hakatai mzunguko
saa kumi jioni, giza limeshatua?
Nilipiga hesabu: mara elfu tisa,
katika programu yetu moja,
vidole vyangu vimekariri maneno yaleyale.

Aivar hakuona ubao. Haoni tangu utotoni;
husoma kwa sikio, mashine ikimnong'onezea
mbiombio, sauti ambayo sisi wengine
tunaisikia kama mchele unaomwagika.
Akaomba tumwekee mstari mmoja.
Akabonyeza. Tukasubiri.

Kimya.

Mashine iliziruka nukta
kama mtu arukavyo dimbwi.

"Mmefupisha," akasema, "mpaka mmenikata na mimi."
Hakukasirika. Alikuwa anamenya chungwa.

Tulibishana hadi saa tatu, Leelo akiwa mkali kuliko wote,
kisha Leelo huyohuyo akafuta nukta zake.
Pendekezo lilitoka na neno,
herufi tatu, linatamkika.

Si fupi kama alivyotaka.
Ila hata leo nikiliandika
nasikia harufu ya chungwa.