Nipe Mji

Baba alivua kofia mlangoni
kama mtu anayeingia kwa daktari.
Ukumbi wa Parklands, tiketi shilingi mia tatu,
na juu yetu karatasi nyekundu zikipumua.

Mimi niliona joka. Yeye aliona mifupa yake.
Miaka arobaini Kamukunji akikata mikebe ya mafuta
kuwa koroboi,
jicho lake huenda moja kwa moja kwenye kiungo:
"Hapa wamefunga kwa uzi. Hawakuchomelea.
Na mwanzi huu umebembelezwa na moto ndipo ukakubali kupinda."
Alinong'ona, asije akadhaniwa anakosoa.

Chini ya kila taa kilining'inia kikaratasi.
Bi Shu-fen, kwao Tainan, alitueleza
kwa Kiswahili kilichopigwa pasi:
ni fumbo, mgeni hulifumbua.
"Kumbe kitendawili!" Baba akacheka.
Na kwa sauti niliyodhani tuliizika pamoja na mama:
"Tega!"

"Hulia mpaka aishe, wala hakufiwa."

Baba aliitazama taa ile muda mrefu.
Najua alijua.
"Nimeshindwa," akasema.
"Basi nipe mji."
"Chukua Kamukunji, na nyundo zake zote."

Bi Shu-fen alifumba macho, akaenda, akarudi.
"Nimefika. Nimekula mahindi ya kuchoma. Masikio yananiuma.
Jibu ni mshumaa."
"Aa," alisema Baba,
akageuza kofia mkononi, akaigeuza tena.

Usiku huo, nyumbani Kariobangi,
saa saba na nusu,
nilisikia mkasi wa bati.