Vibwengo wa Barabara ya Tisa

Theluji hatujawahi kuiona, sisi wa Ngamiani.
Ndiyo maana Mwantumu, msimuliaji wa mchezo,
alikwangua barafu kwenye friji ya mama yake
akaimwaga mezani: "Haya, mmefika nchi ya baridi."

Tukatetemeka kwa adabu, jasho likitutoka.

Vibwengo walikuwa watatu, wadogo kama ndimu,
nyayo kinyumenyume. Walimwibia Shemboza upanga
wakamwachia mwiko. Walifunga pamoja kamba za viatu vya Mbaruku
(Mbaruku wa kweli: alipoinuka, chini puu).
Mimi walinidai nauli ya kuvuka mto ulioganda,
siri moja tu. Nikawanong'oneza.
Wakaitangaza.

Dadu ikarushwa: tuvuke au tuzame.
Umeme ukakatika.

Gizani vicheko vyembamba, na maji
yakichuruzika toka mezani, nchi nzima ikiyeyuka.
Taa ziliporudi dadu haipo. Tulipekua
mkeka, mifuko, hata kinywa cha paka.

Kesho yake adhuhuri mtoto wa jirani
aling'ata barafu ya ubuyu, akapiga yowe,
akatema kiganjani kitu chekundu:

sita.

"Basi mmevuka," akasema Mwantumu, hatabasamu.
"Ila yule mtoto, msimdai. Kibwengo gani
hurudisha kitu bure?"