Kopo la Mvua

Saa saba usiku, Kirumba. Kiwanda cha barafu kinakoroma
nami niko zamu ya geti, simu kiganjani, mwanga nimeufifisha.
Meza ya poka ina watu sita. Wengine wana vichuguu vya chipu.
Mimi ninazo kumi, za kuhesabika kama meno ya mtoto,
na dau la lazima linazunguka; kila likinifikia, linanimega.

Masalu, uliniuliza kwa nini nacheza kama nimesinzia.
Sijasinzia. Mwenye kidogo haonjionji,
hachungulii karata za watu kwa bei ya watu.
Anatupa, anatupa,
anatupa,
halafu anasukuma zote bila kukohoa.
Katikati hapo hakuna pa kukanyaga.

Mama alianika dagaa Igombe, unakumbuka,
pesa yake ikilala katika makopo matatu ya maziwa:
la mzigo, la kula, la mvua.
La mvua halikuguswa hata jua lilipowaka mwezi mzima.
Ikanyesha siku tatu, dagaa wakaoza mchangani,
wenzake wakashika vichwa.
Yeye akashika kopo.

Kopo langu ni daftari la shule. Ndani: laki mbili na elfu kumi.
Mezani nakwenda na elfu nne, hata ningeoteshwa.
Wewe ulikwenda na kodi nzima ya chumba cha Mabatini,
ukashinda mara mbili, ukaniita mwoga,
ya tatu ukaja kuniomba nauli ya kivuko cha Kamanga.
Sikukupa.
Inaniuma mpaka leo, sikufichi.
Lakini ile haikuwa yangu wala yako,
ilikuwa ya karata ambazo hazijagawiwa.

Haya. Ree ya kopa, mzungu wa nne wa shupaza.
Nasukuma zote kumi.
Mmoja anaitika, jina lake tarakimu tupu. Ana saba mbili.
Karata tano zinashuka polepole
kama mgonjwa anayeteremka kilima cha Bugando.
Ree hakuna. Mzungu hakuna.

Nimecheza sawasawa na nimeliwa.
Mama angeliona hilo la pili tu,
kwake kamari ni kamari, na sina jibu la kumpa.
Naandika: imetoka, elfu nne. Imebaki laki mbili na sita.
Nje lori la sangara linarudi kinyumenyume, linalia pii, pii.
Naizima simu,
nakwenda kufungua geti.